Ukili wa Mwanatumu

Paukwa!

"Pakawa!"

Mbona wameitika wawili tu? Kombo, meza huo muhogo kwanza. Tima, vuta miguu yako, usiunguze kanga ya mama. Paukwa!

"Pakawa!"

Sasa mpo. Sikilizeni vizuri, maana katika hadithi hii kuna wimbo, na wimbo huo mtauimba nyinyi. Mimi nasimulia tu.

Hapo zamani za kale palikuwa na mji wa Magengeni, juu mlimani penye mawe. Palikuwa na mji mwingine, Kitopeni, chini bondeni penye maji. Kutoka mji mmoja hadi mwingine ni mwendo wa siku nne. Kushuka ni siku nne na kupanda ni siku nne, ila kupanda unachoka zaidi.

Magengeni hakukuota ukindu. Kitopeni ukindu uliota mpaka nyuma ya vyoo. Kwa hiyo watu wa Magengeni walikuwa na desturi yao. Binti yao akiolewa Kitopeni, harudi kuwasalimu wazazi mikono mitupu. Anarudi na mkeka aliousuka kwa mikono yake. Akifika, anautandika mbele ya mlango wa mama yake, na wanawake wote wa nyumba ile wanaitwa kukaa. Wakienea wote, vigelegele vinapigwa. Mmoja akibaki amesimama kwa kukosa nafasi, basi ni kicheko mji mzima.

"Sasa kwa nini asikae chini tu?"

Kwa sababu ndiyo desturi, Kombo. Mimi sikuwako ilipotungwa.

Katika mji wa Magengeni palikuwa na msichana jina lake Mwanatumu. Alikuwa na mdogo wake wa mwisho, wakimwita Kitinda. Kitinda alikuwa hatembei kama dada yake yupo. Alibebwa ubavuni, upande wa kushoto, asubuhi mpaka jioni. Mwanatumu alimbeba hivyo mpaka bega lake la kushoto likashuka. Akisimama, alisimama upande. Akifagia, alifagia upande.

Mwanatumu akaposwa na mtu wa Kitopeni. Siku ya kuondoka, Kitinda alikuwa na miaka minne. Alimfuata dada yake mpaka mwisho wa mashamba, analia, kamasi zinamtoka. Mwanatumu akamfuta kwa upindo wa kanga, akamwambia, "Rudi, mama. Nikija nitakuletea mkeka wako."

Kitinda akarudi. Mwanatumu akashuka mlima.

Alipofika Kitopeni, kazi yake ya kwanza ilikuwa ukindu. Aliukata, akauanika, akauchana ukawa miyaa myembamba, akaanza kusuka ukili. Ukili mnaujua. Ni ule mshipi mrefu, upana wake vidole vinne, ambao baadaye unashonwa upande kwa upande mpaka unakuwa mkeka. Kwa sababu ya bega lake, ukili wa Mwanatumu uliegemea kushoto. Ulikuwa imara, lakini ulikuwa umeinama kidogo, kama mtu anayesikiliza mlangoni.

Ukili ulipofika pima ishirini, ukafungua kinywa ukaimba:

"Nishone, mama, nishone.
Nimetosha, twende zetu."

Mwanatumu akauhesabu kwa mikono. Kweli ulitosha. Akatafuta sindano. Mara akasikia kishindo juu ya paa. Kwaa! Kwaa! Alikuwa Kwarara, yule ndege mwenye mdomo mrefu asiyejua kusema polepole. Yeye alikuwa akilala Magengeni na kula Kitopeni, na ndiye aliyechukua habari za miji miwili.

"Kwaa! Salamu kutoka kwenu. Kaka yako kaoa!"

"Kaoa? Basi kuna mtu mmoja zaidi wa kukaa." Mwanatumu akaiweka sindano, akaimba:

"Bado kidogo, bado kidogo.
Wa kwetu hawajaenea."

Haya, huo ndio wimbo. Wasichana mtakuwa ukili, wavulana mtakuwa Mwanatumu.

"Mimi sitaki kuwa Mwanatumu!"

Utakuwa, Kombo. Nishone, mama, nishone...

"Nimetosha, twende zetu!"

Bado kidogo, bado kidogo...

"Wa kwetu hawajaenea!"

Vizuri. Mwaka wa pili ukili ukaimba tena. Kwarara akatua. "Kwaa! Wifi yako kajifungua. Mapacha, wasichana watupu!"

"Wawili zaidi," akasema Mwanatumu. "Watakaa wapi?"

"Watapakatwa," ukasema ukili.

"Watapakatwa mpaka lini? Mapacha wanakua." Akaimba, bado kidogo, bado kidogo. Akasuka.

Mwaka wa tatu mjomba aliongeza mke. Mwaka wa nne shangazi aliachwa akarudi nyumbani na binti zake watatu. Kila mwaka ukili uliimba nishone, na kila mwaka Magengeni paliongezeka mtu. Mwanatumu alisuka huku anapika, alisuka huku ananyonyesha. Mumewe akamwambia, "Mke wangu, nenda na huo ulio nao. Mimi nitakusindikiza." Mwanatumu akajibu, "Unataka wanicheke?"

Mwaka mmoja Kwarara alikuja asipige kelele. Alitembea juu ya paa, tap, tap, tap.

"Kwarara, mbona kimya? Sema."

"Mama yako alikuwa akitoka kila asubuhi na ufagio. Anafagia mbele ya mlango, pale pa kutandika mkeka. Leo hakutoka."

Mwanatumu akaelewa. Akakaa chini akalia siku ile na siku ya pili. Siku ya tatu akaushika ukili akaendelea pale alipoishia. Wangapi walikuwa wamebaki Magengeni? Wengi. Basi alisuka kwa ajili yao.

Nywele zikamwota mvi. Alipoona hana nguvu tena, alimwita binti yake, Chausiku, akamtia ncha ya ukili mkononi.

"Chausiku, mimi sikufika. Wewe utafika. Wa kwetu wanangoja. Ila nakuomba jambo moja, usiukate. Ukili wa mama haukatwi. Ukiukata, umekata safari."

"Nimesikia, mama."

Mwanatumu akafumba macho. Ukili, pale ulipokuwa umening'inia, uliimba peke yake, na hakuna aliyeujibu.

Tima, unalia? Hatujafika hata nusu. Kombo, mpe kipande cha muhogo.

Haya. Chausiku alikuwa fundi kuliko mama yake. Bega lake lilikuwa sawa, na ukili wake ulinyooka kama uzi wa kupimia. Alichemsha majani na mizizi akapata rangi nyekundu, nyeusi na zambarau. Akasuka mistari, akasuka macho ya kanga, akasuka meno ya papa. Watu walikuja kutazama.

"Chausiku, na huu uliopinda ni wa nani?"

"Ni wa marehemu mama," Chausiku alisema, na uso wake ulishuka. Akauviringisha ukili wote upya, akauweka ule wa mama yake ndani kabisa, katikati, na wake mzuri nje. Ule wa mama ukawa hauonekani tena. Akautundika kwenye boriti za paa. Ukili ukaimba kutoka juu, sauti imepungua kwa kubanwa:

"Nishone, mama, nishone..."

Malizieni.

"Nimetosha, twende zetu!"

Na yeye akajibu?

"Bado kidogo, bado kidogo! Wa kwetu hawajaenea!"

Siku moja Kwarara akamwambia, "Kwaa! Chausiku, wa rika la mama yako wanaondoka mmoja mmoja. Njoo hata kesho."

"Nije mikono mitupu? Watasema nini?"

"Watasema karibu."

"Wewe ni ndege, hujui mambo ya watu."

"Sijui, kweli," akasema Kwarara. "Mimi nikifika mahali natua tu." Akaruka.

Lakini maneno yale yalimkaa Chausiku. Akasema, liwalo na liwe, mwaka huu nakwenda. Nitauchukua ukili kama ulivyo, nitaushona hukohuko. Wakaushusha kutoka kwenye boriti. Jamani! Ulikuwa mkubwa kama lile gurudumu la trekta la shamba la miwa. Mtu mmoja hakuuweza. Watu wanne hawakuuweza. Wakaita wanaume wanane, wakapitisha mti katikati, wakauinua mabegani. Hooo-haa, hooo-haa, safari ikaanza.

Kijiji cha kwanza watu walitoka nje. "Poleni, jamani! Mmefiwa na nani?"

"Hatujafiwa. Ni mkeka."

Kijiji cha pili watoto walikimbia. "Mama! Wameua chatu!"

"Si chatu. Ni mkeka."

"Mkeka wa kulalia nani, tembo?"

Chausiku alitembea mbele, hatazami kushoto wala kulia.

Wakafika mtoni. Maji yalikuwa ya kiunoni. Wabebaji wakaingia, mmoja akateleza, na ukili ukazama. Mnajua ukindu ukinywa maji. Ukawa mzito kama tope. Wanaume wanane wakavuta, wakavuta, wakautoa ukingoni, wakaanguka chali. Mkubwa wao akasema, "Bi Chausiku, sisi tumekuheshimu mpaka hapa. Huko mlimani hautapanda."

"Nikateni basi," ukasema ukili, unachuruzika maji. "Chukueni kipande mwende."

"Nani kasema?" akauliza yule mbebaji.

"Hakuna," akasema Chausiku. "Ukili wa mama haukatwi. Turudini."

Wakarudi. Wakauanika juu ya nyua za watu kumi na wawili kwa siku kumi na mbili. Mbuzi wakatafuna pima tatu. Chausiku akasema lazima azisuke tena zile pima tatu, halafu aongeze kidogo. Na mgongo wake, tangu siku ile ya mtoni, haukunyooka tena. Alipoona hana safari nyingine, alimwita binti yake Nyamvula, akamtia ncha ya ukili mkononi, akamwambia...

"Mimi sikufika, wewe utafika!"

Ndiyo, Tima. Na nini tena?

"Usiukate!"

Hivyo hivyo, neno kwa neno.

Nyamvula hakumkumbuka mtu yeyote wa Magengeni. Bibi yake Mwanatumu alikufa yeye akiwa mdogo. Lakini aliwalilia watu wa Magengeni kama aliyelala nao nyumba moja. Akisikia upepo wa mlimani alisema, "Huo unatoka kwetu." Wenzake walimcheka. "Kwenu wapi, Nyamvula? Wewe umezaliwa nyuma ya choo changu!" Alisuka na kusuka, mpaka vidole vyake vikapinda, vikawa kama makucha ya kuku. Vilipokataa kabisa, alimtazama binti yake.

Binti yake alikuwa Mbeyu, mwenye miaka kumi na mitatu. Mbeyu alikuwa anakwenda chuoni kusoma na wenzake, chini ya kibanda cha mwalimu. Alikuwa anapenda. Akirudi, aliandika herufi kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko, na mama yake akampigia kelele. Nyamvula akamtoa chuoni. Akamwambia, "Mwanangu, vidole vyangu vimekwisha. Nahitaji vyako." Mbeyu hakubisha. Alikaa chini akachana miyaa. Wenzake walipita asubuhi wakiitana, yeye akainamisha kichwa mpaka wakaisha kupita.

"Kwani hakurudi?"

Subiri, Tima, sijafika huko.

Mchana mmoja Kwarara alitua juu ya paa. Alikuwa mzee, manyoya yamemtoka shingoni, lakini sauti ilikuwa ileile. "Kwaa! Kwaa! Wenyewe mpo?"

"Tupo, Kwarara. Habari za kwetu?"

"Za kwenu ni fupi. Wote wamekwisha. Wale mapacha waliolewa mbali. Aliyekuwa na Mwanatumu nyumba moja amebaki mmoja tu, Kitinda. Macho yamepungua, anatembelea mkongojo. Anakaa mlangoni. Kaniuliza, 'Je, watu wa dada yangu watakuja, au nifunge mlango?'"

Nyamvula akashika kifua. "Mwambie asifunge! Mwambie angoje msimu mmoja tu. Tunamalizia ncha."

"Nimepeleka maneno hayo tangu enzi za bibi yako," akasema Kwarara. "Safari hii sijui kama nitamkuta wa kumpa." Akaruka.

Usiku wala mchana Mbeyu hakuwa na raha tena. Kesho yake mama yake alipokwenda kisimani, alisimama chini ya boriti akatazama juu.

"Ukili."

"Naam."

"Nikikushona wote, nitachukua muda gani?"

"Miaka mitatu, ukiwa hulali."

"Na nikikushona, utapita mlango upi?"

Ukili ukafikiri. "Hakuna mlango huo."

"Basi nifanye nini?"

"Nikate."

"Mama!" (Ndiyo, Mbeyu alishtuka kama wewe, Tima.) "Ukili wa mama haukatwi."

"Wamesema hivyo miaka yote, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza mimi kama ninaumia. Mimi nilisukwa niende Magengeni. Nimekaa kwenye moshi mpaka nimekuwa mweusi. Nikate, mwanangu. Lakini usinikate huku nje. Nifungue mpaka ndani, ukamtafute mwenyewe."

Mbeyu akapanda, akaikata kamba yake, ukili ukaanguka, puu! Akaushika ncha akaanza kuufungua. Ukatoka mlangoni. Ukavuka uwanja, ukapita kwa jirani, ukazunguka mti, ukashika njia ya kisimani. Pima za Nyamvula zikapita, zimekaza kwa uchungu wa vidole. Pima za Chausiku zikapita, nyekundu, nyeusi, zambarau. Kuku wakafikiri ni nyoka wakakimbia. Mwishoni kabisa, ndani ya ndani, akaona ukili mweupe, mkavu, haujapata moshi wala rangi. Ulikuwa umeegemea kushoto.

Mbeyu akachukua kisu. Akakata pima saba.

Kule kisimani, Nyamvula aliona ukili unamjia njiani. Akatupa ndoo, akaufuata ukili mpaka nyumbani, akamkuta binti yake na kisu.

"Mbeyu! Umemkata bibi yangu!"

"Sikumkata, mama. Alikuwa amebanwa katikati. Nimemtoa."

"Ukoo mzima umesuka, wewe umekuja kukata! Una akili gani wewe?"

"Nina za kwangu, mama. Kitinda hana msimu mmoja."

Nyamvula alilia, alitukana, alikataa kula. Mbeyu alitia uzi kwenye sindano, akashona. Siku ya kwanza akashona. Siku ya pili akashona. Siku ya tatu mkeka ukaisha. Ulikuwa mdogo. Ukiulalia, miguu yako inabaki nje. Akauviringisha, akautia kwapani, akafunga viazi kwenye kitambaa.

"Hodi ya kutoka, mama. Naenda kwetu."

"Na hicho kijamvi? Watakucheka mpaka wafe! Mimi simo! Mimi siendi popote!"

Mbeyu akashika njia. Hakufika mbali, akasikia nyayo nyuma. Akageuka. Mama yake, kajifunga kanga kiunoni.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Nakwenda kutafuta kuni. Njia ni ya wote."

Siku ya kwanza Nyamvula alitafuta kuni. Siku ya pili, kijiji cha pili, Mbeyu akageuka. "Mama, kuni bado?"

"Za huku mbichi. Niache."

Walipofika mtoni, Mbeyu aliweka mkeka kichwani akavuka. Maji yakamfika kiunoni, mkeka haukupata hata tone. Nyuma yake mama yake akavuka, ananung'unika. Siku ya tatu wakapanda. Siku ya nne wakapanda. Nyamvula akahema, hatua kumi nyuma, bado anatafuta kuni.

"Jamani, huyo mama!"

Ndiyo huyo. Mnacheka, lakini alitembea.

Wakaingia Magengeni. Mbeyu aliuliza nyumba, akaonyeshwa. Ilikuwa nyumba ya mawe, mlango mwembamba, na mbele ya mlango palikuwa pamefagiwa. Hapakuwa na jani wala jiwe. Bibi mmoja mzee alikuwa amekaa pembeni ya pale palipofagiwa, juu ya kigoda, ufagio miguuni.

Nyamvula akajificha nyuma ya ua.

"Hodi hapa."

"Karibu. Nani? Sema kwa nguvu, macho hayanisaidii."

"Shikamoo, bibi. Mimi ni Mbeyu, wa Nyamvula, wa Chausiku, wa Mwanatumu."

"Marahaba. Mwanatumu mwenyewe yuko wapi?"

"Amekufa, bibi. Zamani."

"Najua. Kwarara aliniambia. Nauliza tu, kwa vile ni desturi ya mdomo wangu kuuliza." Akanyoosha mkono. "Umekuja na nini?"

Mbeyu akaona haya. Akautandika ule mkeka pale palipofagiwa. Bibi Kitinda akainama, akaupapasa kwa viganja viwili, toka ukingo mmoja hadi mwingine. Akarudia. Vidole vyake vikasimama.

"Umeegemea kushoto," akasema. "Alinibeba upande huo."

Hapo Nyamvula alishindwa. Akapaza sauti kutoka nyuma ya ua, "Bibi, tusamehe! Mkubwa upo nyumbani! Una rangi tatu! Huyu mtoto hasikii, kaleta kijamvi! Tungeleta mkubwa, wa kuenea watu wote!"

Bibi Kitinda akageuza uso. "Huyo ni nani anayefoka uani?"

"Ni mama," akasema Mbeyu. "Anatafuta kuni."

"Mwambie aache kuni. Na mkubwa wa nini? Mimi nilikuwa na miaka minne. Aliniambia, nikija nitakuletea mkeka wako. Mkeka wangu, mimi, wa mtoto. Nimefagia mahali pa mtoto."

"Mimi nilijua! Si alimwambia pale mwanzo!"

Ulijua, Tima. Wewe ulisikiliza. Wao hawakuambiwa. Mwanatumu aliwaachia kazi, lakini hakuwaachia neno lile.

Bibi Kitinda akatoka kwenye kigoda, akakaa juu ya mkeka, akakunja miguu. Akapapasa pembeni yake. "Pamebaki pa mtu mmoja. Wewe wa kuni, njoo ukae."

Nyamvula akatoka nyuma ya ua, akaja akakaa. Walibanana. Hakuna aliyepiga kigelegele, maana hawakuwapo watu. Bibi Kitinda alimshika mkono akavigusa vile vidole vilivyopinda, kimoja kimoja, akauliza, "Hivi vimefanywa na nini?" Nyamvula alivitazama vidole vyake kama anaviona mara ya kwanza. Mbeyu alibaki amesimama, na hakuna aliyemcheka.

Walikaa Magengeni mpaka mahindi yalipokauka. Kisha wakarudi Kitopeni, maana ndiko nyumbani. Wakaukuta ule ukili uliobaki bado umelala njiani, kuanzia mlangoni hadi kisimani, watu wanauruka wakienda kuchota maji. Ukamwona Nyamvula ukaimba:

"Nishone, mama, nishone..."

"Nimetosha, twende zetu!"

Nyamvula akafungua kinywa aseme bado kidogo. Akakifunga. Akasema, "Mbeyu, leta kisu." Akaukata mwenyewe. Kila msichana wa Kitopeni mwenye watu wake mbali alipewa kipande, akashona mkeka wa kiasi chake, akaenda. Ukili ukaisha. Zile boriti za paa zikabaki tupu, nyumba ikawa na mwanga, na kwenye ukuta wa jiko zile herufi za mkaa zikaonekana vizuri.

"Na chuoni je? Alirudi?"

Hapo, Tima, wanaosimulia hawasemi. Wengine wanaruka. Mimi nasema alirudi. Alikuwa mkubwa kuliko wenzake, akakaa nyuma, magoti yamewapita wote. Lakini alirudi, na mama yake alimpeleka mpaka kwenye kibanda, hatua kumi nyuma.

Funzo lake ni hili. Ukiachiwa jambo na waliokutangulia, usilipokee tu ukaongeza juu yake. Waulize wangali hai walitaka nini pale mwanzo. Kisha beba kiasi unachoweza kubeba, uende nacho, maana anayekungoja anakungoja wewe.

Hadithi yangu naikata hapa, pima zake zimetosha. Kombo, toa viazi kwenye majivu.